Gunia mbili za viazi zilikuwa ndani ya faili muda wote

Kama umekuja hapa kwa sababu una faili la video unajua kabisa lina picha mbili ndani ila kila ukilifungua unaona moja tu, shuka chini kwenye ule mstari wa amri wenye neno map, jibu lako liko pale chukua uende. Wenye muda kaeni, maana hii stori imenichukua Jumamosi nzima na siwezi kuimaliza kwa mistari miwili.

Mjomba wangu anaendesha Fuso yake mwenyewe, anabeba viazi kutoka Njombe kwenda soko la Mabibo Dar, kazi anaifanya tangu mi niko shule ya msingi. Sasa kuna safari moja wamefika Mabibo, wanashusha, wanahesabu, gunia mbili hamna. Na sio gunia za kitoto, ni zile lumbesa zimevimba juu zimefumwa kwa kamba mpaka zinafanana na mtu aliyevaa kilemba. Mwenye mzigo akasema hizo unalipa wewe dereva, mjomba akalipa, halafu akamgeukia tingo wake, kwamba pale Makambako mi nimelala nusu saa wewe ndo ulibaki na gari, kwa hiyo viazi unajua wewe viko wapi. Kijana akaapa kwa kila kitu cha kuapia, mjomba hasikii. Akamkata hela yake ya safari na akamwambia safari ijayo usije.

Haya niliyasikia kwa simu. Nikamuuliza, mjomba si una kamera kwenye gari? Maana ile Fuso aliifunga kamera ya dashibodi yenye macho mawili, jicho moja kwenye kioo cha mbele na lingine limevutiwa waya mpaka nyuma kabisa kwenye bodi, linatazama barabara wanayoiacha. Akasema ya nyuma ilishakufa zamani, aliyemuuzia ndo alimwambia hizo waya za nyuma huwa hazidumu, na kweli kila akifungua video kwenye simu anaona ya mbele tu. Nikamwambia we niletee hiyo memori kadi hivyo hivyo ilivyo, na usiirudishe kwenye kamera hata kwa dakika moja.

Hilo la kutorudisha nalisisitiza, maana hizi kamera zinarekodi kwa kuzunguka, kadi ikijaa inafuta klipu ya zamani zaidi inaandika mpya juu yake, yaani ukiacha gari liwake tu hata kwenda kununua mafuta umeshaanza kula ushahidi wako mwenyewe. Ya mjomba inakata klipu za dakika 3, kila klipu ina MB 474 hivi, kadi ni ya GB 128. Piga hesabu, klipu 260 na ushee, masaa 13 tu. Safari yao ukitoa vituo ni zaidi ya hapo, kwa hiyo mwanzo wa safari kule Njombe ulikuwa ushafutwa tayari kabla hata hatujaanza kulumbana.

Jumamosi asubuhi akaja. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, habari za mitambo. Kwake yeye mi ni fundi wa kila kitu chenye waya, ameshawahi kuniletea pasi.

Nikachomeka kadi, nikafungua klipu moja kwenye kompyuta, barabara ya mbele, taa za lori lingine, ukungu, basi. Nikafungua nyingine, vilevile. Nikatafuta kama kuna folda ya pili imeandikwa nyuma maana kuna kamera zinaweka mbele folda yake na nyuma folda yake, hamna, folda ni moja. Nikamwambia mjomba ni kweli hii imekufa. Naomba mlione hilo, mtu anayejiita anajua haya mambo nilisema kwa mdomo wangu imekufa.

Kilichoniokoa sio akili, ni ubishi wa hesabu. Kompyuta yangu ni ya zamani na ile klipu ilikuwa inakwamakwama, nikaona niibadilishe tu kontena, yaani kifungashio cha nje, kutoka MP4 kwenda MKV bila kugusa picha, nikaandika amri ya ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa kuandika amri, ambayo vidole vyangu vimeizoea

ffmpeg -i klipu.mp4 -c copy klipu.mkv

ikamaliza fasta, nikaangalia saizi, MB 339. Nikatulia. Lile neno copy maana yake usikompresi, usipunguze, beba kama kilivyo hamishia upande wa pili. Sasa unabebaje MB 474 kama zilivyo unafika na 339? MB 135 zimeangukia wapi? Hapo hapo nikamtazama mjomba nikacheka peke yangu, maana ndo ilikuwa kesi yake ile ile, mzigo umetoka umetimia umefika pungufu na hakuna aliyeona.

Nikarudi nikauliza faili lenyewe lina nini ndani kwa ffprobe, ndugu yake ffmpeg, kitu ambacho ningefanya dakika ya kwanza

ffprobe -hide_banner klipu.mp4

na majibu, nikitoa makorokoro mengine, yakawa hivi

Stream #0:0 Video: h264, 1920x1080, 15000 kb/s, 30 fps
Stream #0:1 Audio: aac, mono, 64 kb/s
Stream #0:2 Video: h264, 1280x720, 6000 kb/s, 25 fps

Video mbili. Ile ya mstari wa tatu hapo chini ndo jicho la nyuma, hai mzima, imekuwa ikirekodi siku zote hizo na hakuna mtu amewahi kuiona. Na ukipiga hesabu, kilobiti 6000 kwa sekunde mara sekunde 180 gawa kwa 8, unapata MB 135 kamili, zile zile zilizopotea.

Sasa kwa nini mtu haoni? Watu wengi wanafikiri MP4 ni aina ya video, kumbe ni gunia tu. Kilichomo ndani ndo video, ndo sauti, ndo maandishi ya chini, na unaweza kuweka video mbili, tatu, sauti tano za lugha tofauti, gunia halijali. Ndani ya MP4 kuna kasehemu kanaitwa moov, humo kila kitu kimeandikiwa kadi yake inayoitwa trak, kwamba huyu ni video anaanzia hapa, huyu ni sauti, huyu ni video mwingine. MKV nayo ni hivyo hivyo, na jina lake Matroska limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine, walioipa jina walielewa kabisa wanatengeneza nini. Ila wanaotengeneza programu za kuchezea video kwenye simu wao wanajua mtu ana macho mawili yanatazama sehemu moja, kwa hiyo programu inachukua video ya kwanza inacheza, haikuulizi, haikwambii kuna mwenzake. VLC angalau ina menyu ya Video ambayo ndani yake unaweza kuchagua traki, ila nani anaingiaga huko.

Na ffmpeg yenyewe, pamoja na ujanja wake wote tangu Fabrice Bellard alipoianzisha mwaka 2000, ina tabia hiyo hiyo. Usipoiambia kitu inachagua video moja tu na sauti moja, na kwenye video inachukua yenye picha kubwa zaidi. 1920 kwa 1080 ikaishinda 1280 kwa 720, ya nyuma ikaachwa stendi. Kwa hiyo kila mtu anayechukua faili la hivi akalipitisha kwenye programu ya kupunguza saizi, au akalituma kwenye app ya kuchati kama video ya kawaida, upande wa pili inafika strimu moja, yaani video moja tu, na yule aliyetumiwa hana cha kutafuta tena, ndani hamna. Kama ni ushahidi tuma kama dokumenti, au mpe mtu kwenye fleshi mkono kwa mkono.

Dawa ni neno moja, map. Yaani unaiambia wewe mwenyewe nani apande nani ashuke

ffmpeg -i klipu.mp4 -map 0:v:0 -map 0:a -c copy mbele.mp4 -map 0:v:1 -map 0:a -c copy nyuma.mp4

Ile 0 ya kwanza ni faili la kwanza ulilomlisha, wenzetu hawa hesabu inaanzia sifuri. v ni video. Namba ya mwisho ni nafasi yake kati ya video zenyewe, kwa hiyo v:0 ni video ya kwanza na v:1 ni ya pili hata kama katikati kuna sauti imejiingiza. Unaweza pia kuandika 0:2 moja kwa moja kama ulivyoiona kwenye ffprobe, itakubali, ila mi sipendi kwa sababu kamera nyingine zinapanga sauti mwisho na ukiwa na mafaili ya mchanganyiko utatoa sauti ukidhani unatoa video. Ukiwa huna uhakika kama sauti ipo weka alama ya kuuliza, 0:a? hivyo, maana yake ikiwepo beba isipokuwepo endelea, usinigomee.

Kuna kitu hapo kiliwahi kunila muda sana zamani, angalia vizuri, -c copy imetokea mara mbili. Amri zinalihusu faili la kutoka linalofuata mbele yake tu, ukishaandika mbele.mp4 zote zimeisha unaanza upya. Ukiweka copy mara moja tu pale mwanzo, la kwanza litatoka sekunde chache safi kabisa, la pili ataanza kulikompresi upya fremu kwa fremu, feni ya kompyuta inalia kama jenereta, na picha ya usiku ambayo ilikuwa mbovu tayari inazidi kuwa uji. Na wewe umekaa unalaumu kompyuta.

Basi nikaitoa nyuma.mp4 ya kwanza nikaifungua. Giza, mwanga mwekundu wa taa za nyuma unapiga lami, mstari mweupe unakimbia kurudi nyuma. Mjomba akavuta kiti. Akasema, hiyo ndo nyuma ya gari langu? Nikamwambia ndo hiyo. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema nilimlipa mtu aje kubadilisha waya, bahati nzuri hakutokea.

Klipu ni 260 na ushee, hatuwezi kuandika moja moja, nikazungusha zote

for f in *.MP4; do ffmpeg -i "$f" -map 0:v:1 -map "0:a?" -c copy ~/nyuma/"$f"; done

Hii ni ya Linux na Mac, Windows ina namna yake kidogo ila wazo ni lile lile. Kutenganisha kwenyewe hakuna kazi, prosesa inapiga miayo, kinachochelewesha ni kusoma kadi, GB 120 na kitu kupitia kile kisomea kadi changu cha kizamani ni saa moja na nusu. Mjomba akatoka kwenda kutafuta supu. Na mi wakati inapiga kazi ngoja niwape mengine ambayo huwa naulizwa.

Sio kila faili lenye picha mbili lina strimu mbili. Kuna kamera zinabandika picha zote mbili kwenye fremu moja, upande huu mbele upande huu nyuma, hapo ffprobe itakuonyesha video moja tu pana ajabu, na map haisaidii kitu, hapo unakata kwa crop na lazima ukompresi upya hamna namna. Kwa upande mwingine zile kamera za GoPro MAX za nyuzi 360, faili lake la .360 lina video mbili kweli kweli, ila ukizitenganisha unapata vipande vya dunia vilivyokunjwakunjwa, kila kimoja peke yake hakina maana, hizo mwachie programu yake izishone.

Halafu kuna utapeli mdogo wa kava. Una wimbo wenye picha ya albamu, au muvi yenye posta, ffprobe inakwambia Video mbili, unatenganisha kwa mbwembwe unapata faili lenye fremu moja. Ile picha inahesabiwa kama video. Dawa yake ni V kubwa, -map 0:V:0, V kubwa inaruka makava na vijipicha, v ndogo inabeba kila kitu.

Na kuna jamaa alinifuata na faili la TV. Alinunua kile kidude cha DVB-T2, cha kunasa TV ya dijitali, cha kuchomeka kwenye kompyuta, akarekodi masafa mazima badala ya chaneli moja, akapata faili la .ts lenye chaneli zote zilizokuwa kwenye masafa yale kwa wakati mmoja. Tangu tuzime analojia, Dar tulianza tarehe 31 Desemba 2012 mnakumbuka zile pilikapilika za ving'amuzi, chaneli hazisafiri tena kila mtu na barabara yake, zinapangwa pamoja kama abiria wa daladala kwenye masafa mamoja. Kila kitu kinakatwa vipande vya baiti 188, kila kipande kina namba ya mwenyewe, king'amuzi chako kinaokota vya chaneli uliyochagua vingine kinaviacha vipite. Ukirekodi vyote basi unavyo vyote, na huko hupigi map ya video moja moja maana utachanganya picha ya huyu na sauti ya yule, unapiga map ya programu nzima, ffprobe itakuorodheshea Program na namba zake, kwa mfano ukiona Program 1201 basi

ffmpeg -i masafa.ts -map 0:p:1201 -c copy chaneli.ts

inatoka picha na sauti yake pamoja. Chaneli za kulipia zitatoka pia ila zimefungwa, utaona makaratasi yamechanika, usinitumie meseji kuniuliza ufunguo.

Wasio na kompyuta, Termux, app ya kuandikia amri kwenye simu ya Android, inatosha kabisa, unaandika pkg install ffmpeg, halafu termux-setup-storage ili iruhusiwe kuingia kwenye mafaili yako, baada ya hapo amri ni zile zile. Na wanaochukia kuandika kuna LosslessCut, unaburuta faili unaziona traki zote na kitufe cha kuzitoa, ndani yake ni ffmpeg hiyo hiyo imevaa suti.

Haya. Mjomba amerudi, kazi imeisha, tuna folda ya klipu za nyuma tupu GB 35 hivi. Tukaanza kuzipitia kwenye VLC kwa spidi mara 8, mi namtazamia muda yeye anatazama barabara, anaitaja bila hata kuona kibao, hapa tunatoka Makambako, hapa Mafinga, hapa tumeipita Iringa. Aisee huyu mzee ile njia anaijua kama kiganja.

Klipu ya sijui ya ngapi, kuna tuta kwenye kijiji kimoja kabla ya Ilula, nikaona kitu kimepita kwenye picha kutoka juu kwenda chini. Nikarudisha, nikaweka spidi ya kawaida. Gari linapanda tuta, taratibu, matairi ya mbele, matairi ya nyuma, halafu kutoka juu ya picha inaingia ncha ya turubai inapigapiga, kamba imelegea inaning'inia, na gunia linakuja taratibu kabisa kama mtu anashuka kitandani, linatua kwenye lami, linabingirika mara moja linakaa. Taa ya bodaboda inatokea kwa mbali nyuma. Boda anafika, anapunguza mwendo, anaweka stendi. Hana haraka. Fuso nayo inaondoka zake, na boda anazidi kuwa mdogo kwenye picha akiwa ameinama. Tuta la pili, dakika moja mbele, gunia la pili. Hilo sijui aliliokota nani.

Mjomba akasema hiyo sio safari yetu. Nikamwonyesha maandishi kwenye kona, tarehe ndo yenyewe, 04:12. Akasema umeona, saa nne! Saa nne usiku sisi tuko Makambako tunakula, muulize yeyote pale. Nikamwambia mjomba, kamera inahesabu kizungu, 04:12 ni saa 10 na dakika 12 alfajiri. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

Akaanza upande mwingine, kwamba kumbe basi kijana alifunga kamba vibaya, kosa ni lake tu hata kama hakuuza. Na hapo ndo nilipofurahi kwamba niliweka -map 0:a kwenye ile amri, maana nilitaka kuiacha, nikasema sauti ya nini, kipaza sauti kiko mbele kwenye kabini, nyuma hakuna mtu anaongea. Spika ilikuwa chini tunatazama picha tu. Nikaongeza.

Injini inanguruma, redio inaimba kwa mbali, halafu sauti ya tingo, kijana wa watu, kwa adabu kabisa, "mzee tusimame kidogo tuangalie kamba, nasikia turubai linapiga." Na sauti ya mjomba wangu, hii hii iliyokuwa kwenye kiti pembeni yangu, "tutaangalia Ilula, we lala." Sekunde kama kumi za redio. Tuta. Kishindo kidogo ambacho kama hujui unasema ni tairi.

Nikapozi. Mjomba anatazama skrini.

Nikajifanya niko bize, nikaandaa klipu ya kumwonyesha mwenye mzigo, ya mbele kubwa na ya nyuma kama kidirisha kwenye kona ya juu, ili aone gari lilikuwa linatembea kwenye barabara ipi na gunia linashuka wakati gani

ffmpeg -i mbele.mp4 -i nyuma.mp4 -filter_complex "[1:v]scale=480:-2[n];[0:v][n]overlay=W-w-20:20" -c:a copy pamoja.mp4

Hii lazima ikompresi, haina copy ya picha maana unachora picha mpya, kwa hiyo faili la asili lisiguswe, liko kwenye fleshi pembeni. Ni dakika tatu tu, kompyuta yangu ilichukua kama dakika nne.

Mjomba akasubiri mpaka imeisha. Akanywa maji. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaulizia dawa, "mjomba, hiyo sauti... inatoka?"

Nikamwambia inatoka, kwenye amri unaongeza -an tu, sauti yote inabaki nje. Akafurahi, akasema basi nifanyie hivyo, mwenye mzigo anahitaji picha, maneno ya nini. Nikamfanyia. Kumwambia kwamba ile yenye sauti nilishamrushia tingo kwenye simu wakati yeye anakunywa maji, hapo ndo sikupata nafasi.